Aliyesikia Mti Ukilia

Kwa miaka ishirini na sita Symphorien Mwenze alifanya kazi chini ya ardhi kule Kipushi, na kazi yake ilikuwa kusimamisha miti. Wengine walivunja mwamba, wengine walisukuma vigari vya madini. Yeye alikata magogo ya mikaratusi na kuyakaza chini ya paa la mgodi lisiwaangukie wenzake. Vijana walitaka nguzo za chuma. Mwenze hakuzipenda. Chuma, aliwaambia, kinanyamaza mpaka dakika ya mwisho. Mti unalia kwanza. Unatoa mlio mdogo, kama mtu anayejigeuza usingizini, na mwenye sikio anapata nafasi ya kukimbia.

Alistaafu mwaka 1972, mjane tayari, akahamia Katuba, mtaa wa pembeni mwa mji, kwa bintiye Laurentine. Huko hakukuwa na paa la kusikiliza. Basi akaanza kusikiliza biashara za watu.

Wa kwanza alikuwa Mukuka, fundi viatu. Mwenze alikaa kwake asubuhi nzima akimtazama anavyosogeza kiatu karibu na uso, kila siku karibu zaidi. Akamwambia, "Macho yako iko inachoka. Fundisha bibi yako kushona, sasa, mukingali munacheka." Mukuka alikasirika siku mbili, ya tatu akamwita mkewe Honorine na kumpa sindano. Mwaka uliofuata ukungu ulimfunika macho. Honorine alikuwa ameshajua kushona, na kibanda hakikufungwa hata siku moja. Lakini hakuna aliyelisimulia jambo hilo. Kibanda kilikuwa wazi jana, kilikuwa wazi leo. Kulikuwa na nini cha kusimulia?

Kisa cha Rigobert ndicho kilichosimuliwa.

Rigobert alikuwa na furu, tanuri la mkate, na unga wote aliununua katika duka moja la jumla mjini. Mwaka 1974 serikali ilipowagawia wenyeji maduka ya wageni, duka lile nalo likapata mwenyewe mpya, mtu ambaye hakuwahi kuuza hata kiberiti. Mwenze alilipitia. Mbele ya rafu kulikuwa na mistari mizuri ya makopo. Nyuma ya mistari, vumbi. Akarudi mbio kwa Rigobert.

"Tafuta unga pengine, Rigobert. Sasa hivi, magunia ikingali."

Rigobert akacheka mpaka wateja wakageuka. Akamkabidhi mzee mwiko mrefu wa kutolea mkate. "Papa Mwenze, hapa haiko Kipushi! Gonga basi paa ya furu yangu. Inalia? Ee? Inasema nini?"

Watu wakacheka naye. Mwenze akaurudisha mwiko kwa adabu, akaondoka.

Baada ya miezi mitatu duka lile lilikuwa halina unga, wala sukari, wala mwenyewe. Furu ikapoa. Kuku wakaanza kutaga ndani yake. Na penye bomba la maji wanawake walianza kusema kwamba Mwenze alitamka, na furu ikafa.

"Ukiona anakuangalia," alisema mmoja, "funga duka, uende kulala. Yako imekwisha."

Wakacheka, lakini kuanzia hapo walipomwona akija walishusha turubai za vibanda vyao. Mzee alipita kati ya vibanda vilivyofungwa mchana kweupe, mikono nyuma, kana kwamba kila siku ni Jumapili.

Laurentine alikuwa mshonaji. Baba yake ndiye aliyemtengenezea benchi la kwanza la wateja, kwa mbao za mikaratusi, akaliweka mlangoni pa karakana ya bintiye. Hapo walikaa wanawake wenye vitenge magotini, wenye sare za shule za kuteremshwa pindo, wenye kanzu za ubatizo. Kazi ndogo ndogo, watu wengi. Mwenze alilipenda benchi lile kuliko cherehani zote tatu, kwa sababu alijua ndilo linalobeba nyumba.

Kisha ilikuja kazi kubwa. Ofisi moja ya serikali mjini ilikuwa na kikundi chake cha ngoma na nyimbo za chama tawala, na mkurugenzi wake alitaka kikundi kivae nguo mpya kila sikukuu. Laurentine akapewa kazi hiyo, na vitambaa avinunue mwenyewe. Nusu mwaka hakushona kingine. Wenye sare aliwaambia warudi wiki ijayo, na wiki ijayo tena, mpaka wakaacha kurudi. Mabunda ya kitambaa cha kijani chenye mwenge wa chama yakajaa mpaka mlangoni, na benchi likatolewa nje, likanyeshewa na mvua.

Mwenze aliliona akiwa ng'ambo ya barabara. Jioni, kabla hajafungua kinywa, Laurentine alimwekea bukari, ugali wa kwao, mezani na kubaki amesimama.

"Papa, mi nakuomba kitu moja. Usikuye tena ku atelier yangu. Na usiniambie kitu."

"Juu ya nini?"

"Bantu banasema kinywa yako inaua biashara."

"Na weye? Unasema nini?"

Laurentine alitazama mikono yake. "Mi nasema niko na batoto batatu ba kulisha."

Mzee alimega tonge la bukari, akalizungusha vidoleni muda mrefu. "Basi kinywa nitaifunga," alisema.

Akakifunga kweli. Lakini mikono hakuahidi. Jumapili, Laurentine alipokuwa kanisani, alikwenda na nyundo na misumari minne. Mguu mmoja wa benchi ulikuwa umelegea kwa mvua. Alipiga magoti akaukaza, akalifuta benchi kwa shati lake, akalirudisha penye mlango, mahali pake pa zamani. Alitaka bintiye alione tu. Alitaka mwanamke mmoja apite na kitenge chake, akae.

Walipita wengi, wakitoka misa. Walichoona ni Mwenze, amepiga magoti mlangoni pa mtoto wake, anapigilia kitu chini.

Siku kumi baadaye alikuja Mado, kiongozi wa kikundi cha ngoma. Hakukaa.

"Mama Laurentine, bilamba ya kijani hatubebe tena. Directeur bamemupeleka Kinshasa. Huyu mupya anataka rangi ya bluu, na iko na mushonaji wake."

"Mado, nimeisha kukata yote! Blauzi tisini!"

"Najua, mama. Mi ni wa kucheza tu."

Blauzi tisini za kijani zenye mwenge wa chama. Hakuna aliyezihitaji, wala hazikuwezekana kuwa kitu kingine. Nani angethubutu kufutia meza mwenge wa chama? Laurentine alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wateja wake wa zamani. Wengine walikuwa na mshonaji mwingine. Wengine walimwambia wazi: wataletaje kitenge chao pale, na benchi lile bado liko?

Alirudi akamkuta baba yake uani.

"Ulitia nini chini ya benchi?"

"Misumari."

"Papa."

"Misumari ine, Laurentine. Muguu yake ilikuwa inalegea."

Laurentine alichukua jembe. Mzee alimfuata, akasimama kando, akamwona mtoto wake anasukuma benchi na kulima penye kizingiti cha karakana yake mwenyewe, jasho linamtoka, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Alichimba mpaka gotini. Hakupata kitu. Alisimama, akavuta pumzi, akamtazama baba yake kama anayeomba asaidiwe. Kisha akaendelea kuchimba.

Hapo ndipo Mwenze aliposikia kitu kinalia, karibu sana, na hakujua mahali pa kukimbilia.

Cherehani ziliuzwa moja moja. Mwezi wa nane Laurentine aliwachukua watoto, akaenda Kipushi kuuza samaki wakavu mpakani. Hakumgombeza baba yake. Alimwachia nyumba na zile blauzi, zimekunjwa vizuri, zimefika nusu ya ukuta.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja Mukuka, peke yake katika Katuba nzima, alimtuma mtu amwite mzee. Alimkalisha kwenye kiti kizuri, akageuza kichwa upande wa sauti yake.

"Papa Mwenze, wewe uliniponyaka. Mi sisahau. Angalia kibanda yangu tena, na uniambie kweli. Iko je?"

Mwenze akatazama. Viatu vilikuwa vimepangwa, ngozi ilikuwapo, wateja wawili wakingoja. Pembeni Honorine alishona. Baada ya kila mishono mitatu aliweka sindano chini na kukung'uta mkono wake wa kulia, haraka, kisha akavikunja na kuvikunjua vidole vilivyovimba. Aliinua macho, akaona kwamba mzee ameona. Akauficha mkono ndani ya kitenge.

"Papa? Iko je?"

Mzee alifungua kinywa. Nje, mtu aliyemwona pale alikuwa tayari anashusha turubai.

"Iko muzuri, Mukuka," alisema. "Iko muzuri tu."

Mukuka akacheka kwa furaha, akapapasa hewani akitafuta mkono wake ili amshukuru.