Mstari Usiopakwa Rangi

Juzi, Kilosa mjini, nilimkuta fundi akipaka rangi fremu ya duka. Alipoufikia mstari wa tope ulioachwa ukutani na mafuriko, usawa wa kifua, mama mwenye fremu akamshika mkono.

"Hapo ruka."

Akaingia mpangaji, muuza mchele kutoka Magole. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabla hatujaongea kodi, tazama." Akaweka kiganja kwenye mstari. "Maji yalifika hapa. Ukipanga mchele chini ya hapa, mwanangu, utauza uji."

Yule bwana akatoa futi kamba, akapima mahali pa kuweka rafu, kuanzia kiganjani kwenda juu. Kisha akaomba kodi ishuke, ikashuka.

Nimepanga nyumba nyingi. Wenye nyumba wangu wote walianza kwa kupaka rangi.