Nilikubali Kumwagiwa Poda Nikiwa Nimeanguka

Nimekosa jamani, na msinitafutie sababu. Si umeme wa mji wetu wa Bunia, si intaneti, si jirani mwenye jicho baya. Ni mimi na uvivu wangu!

Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa kwanza wa mitandao ya kompyuta, ule unaokupa cheti kwamba unaweza kuunganisha mashine za ofisi zikasemezana. Mwalimu alisisitiza tuelewe: anwani za mashine zinagawanywa vipi, waya gani unaingia wapi. Mimi nikapata maswali ya zamani kwenye simu. Kuumiza kichwa kwa nini? Nikakariri herufi za majibu tu! Na kwa kuwa ni mwimbaji wa kwaya, nikazitia sauti: B, D, A, A, C. Nilipika nikiziimba, nilifua nikiziimba. Mama alidhani ni wimbo mpya wa Pasaka.

Siku ya mtihani, maswali yalikuwa yale yale. Haleluya! Kumbe mashine ilikuwa imechanganya majibu. Jibu lililokuwa B limehamia D. Wimbo ukanifia kooni. Nilipobonyeza mwisho, ikanijibu pale pale: umeanguka.

Nikarudi nyumbani, mtaa wa Mbunya, nikitunga maneno ya kumwambia mama. Ole wangu! Alikuwa langoni na mashangazi wawili, kila mmoja na kopo la poda. Mnajua kwetu: aliyefaulu humwagiwa poda mpaka afanane na mtu wa mashine ya kusaga mihogo.

"Weye, ulipita?" mama akauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikatabasamu! Mashangazi wakamwaga, vigelegele vikapanda, na misuko yangu ikawa myeupe.

Mama yangu ni mjane, anauza mchele sokoni, na hana tabia ya kuongeza chumvi. Akisema kipimo kimejaa, hakuna anayekitazama mara mbili. Basi Jumapili mtu huyo alicheza hadi mbele ya kanisa na jogoo wa shukrani. Mchana pasta akatualika, na mimi, bila haya, nikala paja la jogoo yule yule!

Siku zikapita. Mama, aliyekwisha kuagiza fremu ya kutundikia cheti ukutani, akauliza: "Ile karatasi iko wapi? Muntu wa kadre iko anangoja."

Nikalia, nikasema yote. Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Aliuliza tu: "Sasa jogoo yangu ilienda kufanya nini kule?"

Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya watu wote.

"Bandugu, nilishukuru Mungu juu ya kazi yenye hakufanya. Mutoto alianguka. Munirudishie jogoo yangu."

Pasta akakohoa. Kanisa zima likacheka, na mimi nikatamani kuingia chini ya benchi.

Baadaye hata mimi nilicheka. Ila sasa sokoni mama akisema kipimo kimejaa, wateja wanamtania: "Mama, ni kweli ama ni poda?" Naye anacheka pamoja nao, halafu anamwaga mchele na kupima upya mbele yao. Hapo ndipo ninapoumia.

Ninasoma upya, safari hii kwa kuelewa. Wewe unayejiandaa, achana na nyimbo za herufi! Na wakikungoja langoni na makopo, funika kichwa, sema ukweli kwanza. Poda ilinitoka kwa ndoo moja ya maji. Mama bado anapima mchele mara mbili.