Mashine ya kahawa ya marehemu mume wangu ilianza kukohoa kama yeye, na mimi ndiye niliyeisafisha

Wakuu, salaam aleikum, na nyinyi wa habari zenu, habari zenu pia.

Nimesoma nyuzi za humu miaka mingi bila kuandika hata neno. Leo naandika. Haya yametokea jikoni kwangu, Isiolo mjini, na sina faida yoyote ya kuwadanganya watu nisiowajua sura. Anayeona ni hadithi apite tu, hatutagombana.

Kwanza mnijue. Ni mwalimu wa kemia, sekondari. Ni mjane. Sina imani na mambo mengi. Jirani akiniambia ameona kivuli, mimi namuuliza taa ilikuwa upande gani.

Mume wangu Guyo alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na kahawa ndiyo ilikuwa ugonjwa wake. Alinunua mashine ya espresso ya mtumba kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao. Dude zito la chuma, na mbele lina kipimo cha presha chenye mshale, upande wa kijani na upande wa nyekundu. Wenzake sokoni walimcheka sana. Mborana na kahawa ya kizungu! Alicheka nao, akaja nyumbani akajitengenezea kikombe.

Aliitunza kuliko gari. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliifungua: anapiga brashi pale kahawa inapotokea, anatoa chujio anaosha, anapuliza mrija wa mvuke mpaka utoe mvuke safi.

Na maji ya bomba hayakuingia mle hata siku moja. Mliokaa huku mnayajua maji yetu ya borehole. Kettle mpya haikai sana kabla ndani hakujapakwa ukoko mweupe kama chokaa. Guyo alitumia maji yaliyochujwa tu, na ole wako uguse dumu lake.

Halafu akaenda Sericho kutafuta ngamia, na gari likapinduka.

Dini yetu haicheleweshi maiti, na barabara ile ni ndefu. Walimzika huko huko. Nilipofika nilikuta udongo. Mama yake, ambaye nyumbani kwangu sote tunamwita Akko, yaani nyanya, alitoka Kinna akafika baada yangu. Naye akakuta udongo.

Akko hakulia. Watu walisema ana moyo mgumu, lakini mimi nilikuwa namtazama. Alilitazama lile kaburi kama mtu aliyeonyeshwa nyumba isiyo yake.

Alihamia kwangu, tukakaa pamoja mpaka eda yangu ikaisha. Asubuhi moja baada ya swala nikatamani harufu ya kahawa ya Guyo. Dumu lilikuwa tupu. Nikajaza mashine maji ya bomba, nikawasha. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Wiki zikapita hivyo.

Sasa, kwa wasiotujua: kwetu mwanaume haingii nyumbani kimya kimya, hata kama ni kwake. Anasafisha koo mlangoni ili wanawake walio ndani wajue kuna mtu. Kila mwanaume ana yake. Ya Guyo ilikuwa mbili fupi na moja ndefu, na ile ndefu iliishia kwa mkwaruzo kidogo. Ningeitambua katikati ya soko la ng'ombe.

Nilikuwa nakata mkate nilipoisikia nyuma yangu.

Mbili fupi. Moja ndefu. Mkwaruzo.

Niligeuka. Hakukuwa na mtu. Mashine ilikuwa inapata moto.

Nilishika meza nikajieleza kimwalimu. Juu ya tangi la ndani kuna valvu ndogo ya kutoa hewa maji yanapoanza kuchemka. Ikishika ukoko haifungi vizuri, inakoroma. Maelezo sahihi kabisa hayo. Lakini nywele za mikono zilikuwa zimenisimama, na hazikutaka kusikia habari ya kemia.

Asubuhi iliyofuata Akko alikuwa jikoni nami. Ikakohoa. Aliweka kikombe chake chini polepole, akatazama mlango, halafu akaitazama mashine.

"Nagaa, Guyo," akasema. Nagaa ni amani, ndivyo tunavyosalimiana.

Nikamwambia, "Akko, hiyo ni mashine tu. Iko na uchafu ndani."

"Mimi nilizaa hiyo koo," akanijibu. "Wewe utaniambia ni ya nani?"



Tangu siku hiyo akawa anavuta kiti kidogo kila asubuhi na kuweka sikio karibu kabisa na chuma. Anampa Guyo habari za mbuzi wa Kinna, nani ameoa, mvua imenyesha wapi. Kisha ananyamaza, anaitikia kwa kichwa, kama anayepewa majibu.

Binti yangu Qabale aliacha kuingia jikoni. Uji alikuwa anaungojea sebuleni, mgongo ukutani. Nilipombana aseme kwa nini, aliniambia, "Abba ako kwa mlango kila siku na hakuna mtu anamwambia aingie."

Wakuu, nilitoka nje nikasimama juani mpaka mwili ukapata joto.

Najua kuna mtu sasa hivi anaandika "hilo ni jini, tafuta sheikh". Subiri kwanza, nimalize.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba ile sauti ilikuwa inakua. Kila wiki ilizidi kuwa nzito, ile ndefu ikazidi kurefuka, kama mtu aliyechoka kungoja. Na ikaja harufu. Si ya kahawa ya mashine, ni ya buna. Buna ni yale matunda ya kahawa tunayoyakaanga mazima kwenye samli, wazee wakiomba dua. Nilikuwa naingia jikoni asubuhi, jiko baridi, sufuria zimeoshwa zimekauka, na harufu ya buna imejaa chumba kizima. Nilinusa kila kona. Ilikuwa inatoka kwenye mashine.

Sitawaficha: nilikuwa naogopa, na bado nilikuwa naharakisha kumaliza swala nisiikose.

Jumamosi moja nilikuwa nachemsha mayai, Akko yuko kwenye kiti chake, uso umekaribia kugusa chuma. Ikakohoa mbili fupi. Ile ndefu ikaanza, na haikuisha. Ilizidi kwenda, nzito, na chini yake kukawa na mtetemo mpaka vikombe vya juu vikaanza kugongana.

Nikatazama mshale. Ulikuwa umeshapita kijani. Ulikuwa umelala mwisho wa nyekundu.

Guyo aliniambia zamani kwamba presha ikizidi, kuna valvu ya usalama inafunguka yenyewe na kupiga kelele. Haikufunguka. Na Akko alikuwa anatabasamu, macho amefumba.

"Anaingia," akasema. "Mama Qabale, anaingia."

Sikumbuki nilivukaje chumba. Niling'oa plagi ukutani, nikamshika Akko mabega nikamburuta mpaka sebuleni. Alinipiga kifuani kwa mikono yote miwili, mama wa watu asiyewahi hata kunipandishia sauti.

"Umemfungia mlango!"

Tulikaa chini pale pale, mimi nikiwa nimemshika, mpaka mtetemo ukaisha.

Chuma kilipopoa nikaleta bisibisi. Akko alikaa kwenye kizingiti ananiangalia kama ninachinja. Nilitoa kifuniko. Ile valvu ya usalama haikuonekana hata kama ni valvu, ilikuwa donge jeupe. Na juu ya ule ukoko kulikuwa na utando wa mafuta uliogeuka kama sabuni, una harufu ya samli. Kwenye tangi la maji, chini kabisa, nikakuta maganda ya buna.

Nilimwangalia Akko. Hakuona haya.

"Ni mgeni ako kwa mlango," akasema. "Kwani atakaribishwa na maji tupu?"

Kumbe kila alfajiri, kabla sijaamka, alikuwa anamimina humo samli ya buna aliyoibeba kutoka Kinna kwenye chupa, pamoja na dua. Huyu mama alikuwa anamkaribisha mwanawe. Na samli na ukoko vikaziba kila tundu, na uso wake ukawa ndio wa kwanza mbele ya lile bomu.

Nilimweleza mambo ya presha. Alinisikiliza vizuri, halafu akaniuliza swali moja tu. "Ukiosha, atakohoa tena?"

Nikamwambia hapana.

Kisha akasogeza miguu yake nipite niende kuchukua ndoo.

Valvu ya usalama nilinunua mpya, ile haikuwa ya kuokoa. Samli niliitoa kwa maji moto na sabuni. Mpira wa pale kahawa inapotokea nilibadilisha. Kisha nikajaza maji yaliyochujwa yenye unga wa limau, nikawasha ichemke kidogo, nikazima, nikaacha ule ukoko ulike, nikamwaga. Yalitoka meupe kama maziwa. Nikarudia mara mbili.

Mara ya kwanza ilikohoa mbili fupi na moja ndefu, lakini nyembamba. Mara ya pili ile ndefu haikuwepo. Mara iliyofuata ilikuwa moja tu, fupi, kama ya mtu aliyeshageuka anaondoka.

Halafu nikaisuuza kwa maji matupu, nikawasha tena. Mshale ukapanda taratibu, ukasimama kwenye kijani. Kimya.

Akko alisogea. "Nagaa, Guyo."

Kimya.

"Guyo."

Mashine ilikuwa safi kabisa, wakuu. Sijawahi kuchukia kazi nzuri kama siku ile.

Akko akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba dakika hiyo. "Wamemzika," akasema. "Mtoto yangu wamemzika." Na hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka majirani wakaja wakiuliza nani amefariki.

Funzo sasa, maana najua wengine mmengojea hili tu. Kama una mashine ya espresso nyumbani na maji yako ni kama yetu, usiweke ya bomba. Chuja. Toa ukoko mara kwa mara, usingoje ikuonyeshe dalili. Valvu ya usalama mpe fundi aikague. Mshale ukiingia nyekundu, zima na ukae mbali. Na kama umefiwa na hukuuona mwili, tafuta mtu uongee naye, usiongee na chuma.

Akko amerudi Kinna. Naambiwa analala vizuri, anakula. Qabale anakunywa uji jikoni.

Mimi ndiye sijalia bado. Mimi pia nilikuta udongo.

Jumatatu nilipoenda kujaza mashine, dumu la maji yaliyochujwa lilikuwa limejaa, liko karibu na mguu wangu. Nikaliruka nikafungua bomba. Jana pia, na leo. Mshale nauangalia, msinitukane.

Karibuni mchangie, hata wa jini mje. Lakini wenye mashine kama hii ndio ninaowahitaji zaidi, maana nina swali na hapa mjini sina wa kumuuliza. Ukishasafisha vizuri, ukoko huchukua muda gani kurudi kwenye ile valvu ndogo ya kutoa hewa?