Moshi Ndani ya Kibuyu

Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja mjini Biharamulo, na sijaona lugha inayohangaika na harufu kama hiyo. Sisi kitu kinanukia au kinanuka, basi. Wao wana "scent", wana "odour", wana "stink", ambalo zamani lilitumika hata kwa harufu nzuri kabla halijaharibiwa jina. Halafu kuna "perfume". Siku niliposoma kwamba asili yake ni kufukiza kwa moshi, nilifunga kamusi nikamkumbuka mama, na niliumia.

Wazazi wangu walitoka Rwanda wakaanza kulima kijijini Nyantakara, ng'ombe wawili watatu zizini. Kila baada ya kukamua, mama aliwasha nyasi kavu alizochagua mwenyewe, akaelekeza moshi ndani ya kibuyu cha maziwa, akakiziba kwa kiganja ili maziwa yatakayotiwa humo yanukie. Nilikwenda shule nikinukia moshi huo, wenzangu wakiniuliza kama nimelala jikoni. Leo nautamani.

Mama alipofariki mwaka jana, baba aliacha kunywa maziwa. Wifi yangu anayeishi naye ni mtu safi kupita kiasi. Kwao hawakufuga, hivyo aliona masizi ni uchafu, akavisugua vibuyu vyote kwa sabuni ya unga. Baba hakumlaumu. Kila alipoletewa maziwa alishukuru tu na kusukuma kikombe pembeni, huku akizidi kukonda.

Jumamosi moja nikaenda kumwona. Baba aliitikia shikamoo yangu kwa sauti ndogo, nami nikaogopa kweli kwamba tunampoteza na yeye. Nikatafuta nyasi kandokando ya njia, nikizinusa moja moja, nikafukiza kibuyu cha mama huku nakohoa. Nikamsimulia baba habari za lile neno la Kiingereza. Akauliza kama Waingereza nao walikuwa na ng'ombe. Nikatia maziwa kibuyuni yakakaa mpaka jioni, nikammiminia kikombe.

Alikinusa muda mrefu.

"Siyo ya mama yako," alisema.

Nikanyoosha mkono nikichukue. Akakivuta kifuani, akanywa mpaka mwisho bila kuniangalia, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Kesho ufukize tena kabla hujaondoka," akasema. "Na huyu mke wa kaka yako akae hapa aone."