Mpira wa Kuazima kwa Kadi

Dada yangu ndiye mkutubi wa maktaba ya mtaa wetu, na kwa miaka ishirini na mbili watu wamemwita Mama Kimya. Kwa jina hilo hakuonewa. Mimi nasuka nywele ng'ambo ya barabara, na nimewahi kumwona fundi bomba mzima, mwenye masharubu yake, akitoka mle amebeba viatu mkononi kwa sababu vilikuwa vinalia sakafuni.

Kwa hiyo niliposikia kwamba likizo hii Mama Kimya anaazimisha mipira, nilimwacha mteja wangu na nusu kichwa nikavuka kwenda kuhakikisha. Ilikuwa kweli. Mezani kwake palikuwa na mipira miwili, kamba nne za kuruka na kisanduku cha kadi. Aliniambia kila likizo ukumbi wa watoto unabaki mtupu, na watoto wenyewe wako uwanjani nyuma ya maktaba wanagombea mpira wa matambara. Yeye amechoka kulinda viti. Sharti lake lilikuwa moja tu: anayeazima mpira anaazima na kitabu. Na mpira nao akaugonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, nikacheka mpaka akanitoa nje.

Mkuu wa maktaba alikubali shingo upande. Alisema kitabu kimoja tu kikiharibika, mipira inarudi stoo na mpango mzima unakufa. Dada alikuwa ameuomba mpango huo miaka sita mfululizo, kwa barua, na mimi ndiye niliyesomewa kila barua kabla haijapelekwa. Nilijua safari hii ukifungwa, hataandika tena.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda shwari. Wiki ya pili, asubuhi moja baada ya mvua, nilitupa jicho uwanjani huku nasuka. Watoto walikuwa wamesimamisha vitabu vya maktaba kuwa milingoti ya magoli.

Nilimwita dada, tukaenda mbio, mimi na kitana changu mkononi. Tulikuta ugomvi. Mpira ulikuwa umepita polepole mbele ya kipa, na nusu ya watoto walidai ni goli halali, nusu wakasema si goli kwa sababu mlingoti mmoja haupo. Kweli haukuwepo. Ulikuwa mkononi mwa kipa. Kipa mwenyewe ni binti wa fundi saa, wanamwita Sumaku kwa jinsi anavyodaka, na wakati huo alikuwa amechutama anasoma, hana habari kama amefungwa. Jalada la kitabu lilikuwa tope tupu.

Nilimnong'oneza dada tukifute, tukikaushe kwa mashine yangu ya nywele, Mkuu asijue kitu. Alinitazama kama anavyowatazama wanaokunja kurasa. Kisha akamshika Sumaku mkono, akachukua kitabu, akaenda nacho moja kwa moja ofisini kwa Mkuu. Nami nikafuata, ingawa hakuna aliyenikaribisha.

Mkuu alikiona, akasema alilijua tu hilo, na makubaliano ni makubaliano. Dada hakuinamisha macho. Alifungua ukurasa wa mwisho, pale zinapogongwa tarehe, akamwekea mbele.

"Kitabu hiki kimekaa rafuni miaka tisa, kisafi, na hakuna aliyekifungua," alisema. "Leo kina tope, na huyu mtoto amefika ukurasa wa arobaini na moja. Wewe niambie, Mkuu, kiliharibika lini?"

Mkuu akamgeukia Sumaku. Akamuuliza mmeandikwa nini humo. Sumaku alimweleza habari za mama mfuga nyuki ambaye nyuki wake walihama wote siku moja, kisha akakatisha na kuomba arudishiwe kitabu, maana hajui kama walirudi. Mkuu alitoa leso yake mwenyewe akalifuta jalada, taratibu, mpaka kwenye pembe. Akampa.

Kesho yake alileta mabomba manne ya chuma kutoka stoo, tukapata milingoti ya maana. Nilimwonea dada fahari, na nilimwambia hivyo hivyo.

Siku ya mwisho ya likizo watoto walicheza na mtaa wa pili. Wateja wangu walikuja na nusu vichwa vyao. Sumaku alikuwa golini, ameegemea mlingoti, kitabu kingine wazi mkononi, na mshambuliaji wa wageni anakuja peke yake. Dada alipanda juu ya benchi.

"Sumaku, funga kitabu!"

Ilisikika hadi ndani ya ukumbi wa kusomea. Sauti hiyo mimi, niliyezaliwa naye, sikuwahi kuisikia. Sumaku aliweka kidole kwenye ukurasa wake, akaudaka mpira kwa mkono mmoja.