Kodi sahihi zimekataliwa nyumbani

Jamani, leo nimekemewa na mama kwa kosa la kupiga gitaa vizuri.

Jumamosi ni sendofu ya dada yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Wazazi wataingia ukumbini wakicheza wimbo wao wa dansi la zamani, na mpiga gitaa ni mimi.

Wiki nzima nimehangaika na kaseti ya baba yenye wimbo huo. Kila kodi ya gitaa ninayoshika inagoma, haiko huku wala kule.

Leo nikausikiliza kwenye simu. Kumbe redio yetu ya kaseti ndiyo mgonjwa! Mkanda wake wa kuzungushia kaseti umelegea, unauburuza wimbo polepole na kuushusha sauti iwe nzito.

Nikapata kodi zote. Nikawaita wazee kwa mbwembwe.

Sijamaliza hata ubeti, mama akaacha kumenya ndizi. "Huo wimbo wa nani?"

"Wenu, mama."

"Wetu hauna haraka hivyo."

Nikamtazama baba aniokoe. Akawasha redio yake, akamshika mama mkono, wakacheza taratibu kati ya makochi.

"Hapa ndipo namzungusha," akasema. "Kwa mwendo wako nitamwangusha."

Basi nimelegeza nyuzi zote na kupunguza mwendo, gitaa limeugua kama redio.

Mafundi wa muziki mtakaokuja kwenye sendofu hapa Usa River, msinisahihishe. Tazameni miguu ya wazee.