Lita Moja ya Mafuta ya Taa

Wanaume wa mtaa wetu wa Goba wana ugonjwa mmoja: wakiona boneti iko wazi, hawawezi kupita. Mtu anawahi msiba, lakini atasimama, atainama, atauliza, "Inasumbua nini?" na kabla hujamjibu ameshakuandikia dawa. Linakunywa petroli, tia hiki. Linatoa moshi, mwagia kile. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufungua injini maishani mwake. Bora hata mganga wa kienyeji. Yeye angalau hukuuliza kwanza umeanza kuumwa lini.

Nasema kwa hasira na siombi radhi.

Mwaka ule mama yangu alikuwa amekaa kwetu miezi saba. Alikuja kutoka kwetu Kilimanjaro akiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni chochote zaidi ya mwanga na giza, ameshikwa mkono kama mgeni wa dunia. Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, halafu la pili. Ilipofika Novemba alikuwa anakaa barazani asubuhi nzima akinitajia anachokiona: kuku wa jirani, ufa ukutani, na mimi mwenyewe, ambaye aliniambia bila kumung'unya maneno kwamba nimenenepa vibaya. Nilicheka na kulia kwa pamoja siku hiyo.

Baada ya hapo alitaka kitu kimoja tu, kumwona dada yake. Mama mkubwa alikuwa amelala kitandani tangu mvua za masika, na kila simu iliyotoka nyumbani ilitwambia amepungua tena. Kila Jumapili baada ya ibada waliongea, wazee wawili wakipigiana kelele kama simu haina kazi. "Njoo na hayo macho yako mapya," mama mkubwa alikuwa anamwambia, "nione kama utanitambua." Mama alikuwa hajauona uso wa dada yake kwa miaka sita. Tuliahidi kumfikisha kabla ya Krismasi.

Sisi watu wa mlimani Desemba tunapanda nyumbani, na watu wa mjini wanatucheka kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Waache wacheke. Kinachostahili kuchekwa hasa ni wiki mbili za kabla ya safari, pale kila mwenye gari anapokumbuka kwamba gari lina injini. Mwaka mzima analipandisha na kulishusha milima ya Goba na kulikalisha kwenye foleni ya Ubungo, halisemeshi neno. Ikifika Desemba anataka limpeleke Moshi kwa heshima.

Letu halikuwa tofauti. Gari ni langu, lakini matunzo yake aliyachukua mume wangu, naye alikuwa na imani yake: oili haibadilishwi, oili huongezwa. Alinunua ya kupimiwa kutoka kwenye pipa kando ya barabara, akaongeza, akafunga, akaipigapiga boneti kama mgongo wa ng'ombe. Miaka mitatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunawafundisha watoto wa darasa la tatu methali hiyo, na baba mtu mzima haimgusi.

Siku mbili kabla ya safari nilisikia injini inagongagonga ikiwaka asubuhi, nikalipeleka mwenyewe kwa fundi. Ni mtu mkimya, sababu mojawapo ya wanaume wa mtaani kutompenda. Alifungua kifuniko cha oili, akaingiza kidole, akakitoa kimevaa kitu cheusi kinachovutika, kama uji wa ulezi ulioachwa usiku kucha sufuriani.

"Madam, hii oili imeshakuwa tope," alisema. "Imeganda humu ndani."

"Haina dawa ya kuisafisha?"

"Dawa yake kuishusha sampo, lile bakuli la oili hapa chini, nisafishe na chujio lake kwa mkono. Halafu oili nzuri, unabadilisha mapema, unabadilisha tena. Nipe siku tatu."

Nilimwambia nitampigia. Kwa kweli niliona anatuchelewesha, maana nilikuwa nimeshamwambia mama tunaondoka keshokutwa, na alikuwa ameshafunga mabegi yake na kuyapanga mlangoni.

Nilipofika nyumbani mume wangu alifungua boneti ili ahakikishe maneno ya fundi, na boneti ikaita watu. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya pili, mzee mstaafu aliyefanya kazi ya stoo maisha yake yote na ambaye, kwa kukaa karibu na vipuri, anaamini ameambukizwa ufundi.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Siku tatu? Huyo anataka kuwala tu." Akamgeukia mume wangu. "Lita moja ya mafuta ya taa. Unamimina humu humu kwenye oili, unaliacha linaunguruma robo saa, unamwaga yote, unatia oili mpya. Tope lote linatoka. Pikapu la ofisi nililifanyia hivyo, likakaa miaka."

Mume wangu akanitazama. Nilikuwa nimekunja uso, nadhani, maana yule mzee akaniuliza, "Mwalimu, wewe si ndiye mtu wa kemia? Hebu tuambie. Mafuta ya taa hayayeyushi grisi?"

Nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne. Swali hilo angejibu hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani.

"Yanayeyusha," nilisema.

"Umesikia! Sayansi hiyo!"

Nilichosema kilikuwa kweli, na ndiyo maana kinaniuma mpaka leo. Mwanafunzi angenijibu hivyo nami ningemuuliza: haya, yakishayeyusha, kinachobanduka kinakwenda wapi? Na chuma kinachosuguana mle ndani kinalainishwa na nini wakati oili imekuwa maji? Hayo niliyajua. Sikuyasema kwa sababu nilitaka tuondoke siku niliyoahidi, na kwa sababu, niseme ukweli, nilifurahi kuulizwa.

Basi walimimina. Injini ikaunguruma robo saa, wazee wazima wameizunguka wametega masikio. Walipofungua chini, ukatoka uchafu mweusi kama lami, wakaushangilia. Waliupiga picha kama wazazi wanavyompiga picha mtoto wa kwanza, wakaituma kwenye kundi la jumuiya, na watu wenye akili zao wakajibu kwa vidole gumba. Oili mpya ikaingia. Injini ikawaka kwa utulivu ambao hatukuusikia tangu tulinunue.

"Sikia hiyo," mzee akasema. "Cherehani!"

Tuliondoka jua limeshachomoza, siku tatu kabla ya Krismasi. Mume wangu aliendesha, mama alikaa mbele kwa sababu alitaka kuona njia, mimi nyuma na mizigo. Alisoma mabango yote kwa sauti, ya maduka, ya makanisa, ya wauza mabati. Tulipoipita Kibaha akanyamaza, akainamia dashibodi.

"Baba, hiki kitaa chekundu ni cha nini? Kama kibirika."

Mwanamke wa miaka sabini na minne, mwenye macho ya wiki kadhaa, ndiye aliyekiona.

"Sensa tu hiyo ya kupima oili, mama," mume wangu alimjibu. "Inaizoea oili mpya."

Inaizoea oili mpya! Nimelirudia neno hilo mara nyingi nikiwa peke yangu jikoni. Lakini mimi nami nilikuwa nimekaa nyuma yake, nilikiona kile kitaa, na sikumwambia asimame. Injini ikaanza kugonga taratibu, kisha kwa nguvu, na kabla ya kufika Mlandizi ikapiga mlio mmoja mkavu wa chuma ikazima. Haikuwaka tena.

Tulivutwa kurudi Dar. Fundi aliishusha ile sampo mbele yetu, akatoa chujio, akaliweka kwenye gazeti. Halikuwa na tundu hata moja lililo wazi. Mapande yote yaliyobanduliwa na mafuta ya taa na yasiyotoka na oili chafu yalikuwa yameteremka kwenda kuliziba, pampu ikakosa cha kuvuta, na vyuma vikasagana vikavu mpaka vikashikana. Hakutusema. Alifuta mikono tu, akasema pole, madam.

Jirani yetu alikuja jioni kutoa uamuzi wake. "Mafuta ya taa ya siku hizi yanachakachuliwa," alisema. "Mngetumia dizeli." Alisimama uani kwangu akayasema hayo bila aibu, na mume wangu akatikisa kichwa kukubaliana naye. Niliingia ndani kwa sababu nilikuwa nimeshika mwiko wa ugali.

Mabasi yote ya kwenda Moshi yalikuwa yamejaa, kila mtu anakwenda kuhesabiwa. Nafasi mbili za mwanzo tulizopata zilikuwa za siku ya pili ya Krismasi. Mama hakulalamika. Aliyafungua mabegi, akatoa nguo moja ya kanisani, akayafunga tena. Siku ya Krismasi yenyewe, tuko kwenye ibada ya pili, simu yangu ikatetemeka, nikatoka nje kuipokea. Mama mkubwa alikuwa amefariki alfajiri. Waliniambia kwamba jana yake, mkesha, alikuwa anaongea vizuri, na alimuuliza kila aliyeingia kama mdogo wake amefika.

Fundi aliomba siku tatu. Tungempa, tungeondoka mkesha asubuhi na jioni tungekuwa kitandani kwake. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Siku ya mazishi nilimshika mama mkono tukasogea kwenye jeneza, ingawa hakuhitaji tena kushikwa. Alisimama pale muda mrefu, akiinama, akiangalia paji la uso, pua, midomo, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma. Watu nyuma yetu walianza kusukumana. Mume wangu alikuwa mmoja wao, amekuja na basi la usiku, macho chini.

"Hata nyusi zimekuwa nyeupe," mama akasema. "Zilianza lini?"

Sikujua. Niliangalia huku na huku nimtafute wa kumuuliza, na aliyejua alikuwa amelala mbele yetu.